Je, ni kweli Imam Ghazali aliiua falsafa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma ualimu mwaka wa pili, na muhula huu nimechukua somo la falsafa. Mhadhiri alitufundisha kwamba katika Zama za Kati dini iliifunga akili mdomo, na kwa upande wa Waislamu aliyeifunga ni Imam Ghazali. Likizo nikamsimulia mjomba wangu, anayesomesha madrasa hapa Tanga. Akasema ni kweli kabisa, Ghazali aliwanyamazisha wanafalsafa na Mungu amlipe kheri, kwa hiyo niliache somo hilo kabla halijaniharibu. Sasa mmoja anamlaumu na mwingine anamsifu kwa jambo hilo hilo. Nani yuko sawa, na mjomba nimjibu nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umekigundua mwenyewe kinachochekesha: mhadhiri na mjomba wanapingana, kumbe habari wanayoisimulia ni moja. Wote wawili wanasema Ghazali aliitoa akili nje akafunga mlango. Wanachotofautiana ni kama tupige makofi au tulie. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na siku hizi naanza muhula kwa kuivunja habari hiyo, kwa sababu mwanafunzi akiingia nayo darasani hasomi tena, anatafuta mshindi tu.

Sitakuzungusha kwenye "imani na akili" kwa jumla, maana mji huo ni mkubwa na tutachoka kabla ya kufika popote. Tuchukue swali moja ambalo Waislamu, Wayahudi na Wakristo walilitolea jasho kuanzia karne ya 9 hadi ya 13: ulimwengu una mwanzo, au umekuwepo siku zote?

Madrasa ulikariri sifa ishirini, na baada ya wujud ikaja qidam: Mwenyezi Mungu hana mwanzo. Mwenzako Mkristo akifungua Biblia, mstari wa kwanza unamwambia, "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Kwa wote hawa, asiye na mwanzo ni mmoja tu. Basi fikiria kizaazaa kilichozuka vitabu vya Aristotle vilipogeuzwa Kiarabu kule Baghdad. Mgiriki huyu katika mantiki hakuwa na mfano. Ukitaka kujua hoja ipi imekamilika na ipi ina tundu, ulikwenda kwake. Na huyu huyu anasema mwendo hauwezi kuwa na mwanzo, kwani kila mwendo unadai mwendo mwingine kabla yake, kwa hiyo mbingu zimekuwa zikizunguka tangu na tangu. Kumtupa si rahisi, kwa sababu mizani unayopimia hoja zake ni yeye aliyekuuzia.

Aliyejaribu kusuluhisha kwa ustadi mkubwa kuliko wote ni tabibu na mwanafalsafa Mwislamu, Ibn Sina (980–1037). Alitumia mfano wa mkono na ufunguo. Zungusha ufunguo kwenye kitasa cha mlango wako: mkono na ufunguo vinakwenda pamoja, hakuna hata nukta moja ambayo mkono umetangulia. Hata hivyo unasema mkono ndio uliozungusha ufunguo, wala hakuna mwenye akili timamu atakayesema kinyume chake. Vivyo hivyo, alisema, Mungu ameutangulia ulimwengu kwa kuwa sababu yake, si kwa wakati. Ulimwengu haukuanza lini wala lini, lakini kila nukta unamtegemea Yeye. Ni jibu zuri. Nikilisoma darasani huwa naona vichwa vikitikisika kukubali, halafu baada ya dakika tatu mtu ananyoosha mkono: "Mwalimu, sasa hapo kuumba kuko wapi?"

Swali hilo ndilo la Ghazali.

Alizaliwa Tus, Khorasan, mwaka 1058, na mwaka 1091 akawekwa kusomesha Nizamiyya ya Baghdad, madrasa kubwa ya enzi ile. Mwenyewe anasimulia kwamba alikuwa na wanafunzi 300, na kwamba falsafa aliisoma peke yake kwenye vipenyo vya muda, chini ya miaka miwili, kisha akakaa karibu mwaka mzima akiitafakari. Aliona aibu kumpinga mtu ambaye hujamwelewa. Basi akaandika kwanza kitabu cha kueleza makusudio ya wanafalsafa bila kuwapinga, na akakieleza vizuri mno. Kitabu hicho kilipotafsiriwa Kilatini katika karne ya 12, kikasambaa kwa wengi bila utangulizi wake, na wanazuoni wa Ulaya wakamchukulia "Algazel" kuwa mfuasi mtiifu wa Ibn Sina! Adui mkubwa wa wanafalsafa, kama mhadhiri wako anavyomwita, huko Ulaya alisomwa kama mwanafalsafa. Sijui mjomba angesema nini hapo.

Kitabu cha pili ndicho chenye sifa na lawama: Tahafut al-Falasifa, yaani kuporomoka kwa wanafalsafa, alichokimaliza mwaka 1095. Kina masuala 20, na la kwanza, refu kuliko yote, ni hili letu. Kutoka humo nakuchagulia hoja moja uione kwa karibu.

Kwa elimu ya nyota ya siku zile, jua huzunguka mara moja kwa mwaka na sayari ya Zohali mara moja kila miaka 30. Jua likimaliza mizunguko 30, Zohali imemaliza mmoja. Sasa kama mbingu hazina mwanzo, jua limekwisha zunguka mara ngapi? Idadi isiyo na mwisho. Na Zohali? Isiyo na mwisho vilevile. Lakini mizunguko ya Zohali ni sehemu moja ya 30 ya ile ya jua! Na haishii hapo. Ghazali anauliza: idadi hiyo ya mizunguko ni shufwa au witiri? Ukisema shufwa, ukiongeza moja itakuwa witiri. Kisichokuwa na mwisho kimepungukiwaje na moja? Ukisema witiri, ni yale yale. Ukisema si shufwa wala si witiri, umesema jambo ambalo mtoto wa shule atakucheka. (Maneno aliyotumia yeye kwa Kiarabu ni shaf' na witr, haya haya ya kitabu chako cha hisabati cha darasa la nne. Ni nadra kukutana na hoja ya miaka 900 iliyopita ambayo Mswahili anaisoma karibu bila mkalimani.)

Tazama alichokifanya. Humo hamna "Qurani imesema, basi nyamaza." Amechukua nyota zao, hesabu zao na mantiki yao, akawaambia: mlidai mna burhani, yaani hoja iliyokamilika isiyoacha mwanya, nionyesheni. Tena anakiri wazi kwamba katika kitabu hicho kazi yake ni kubomoa, na kujenga atajenga kwingine. Ugomvi wake na Ibn Sina ulikuwa juu ya neno hilo, burhani: nani anayo kweli, na nani amejipa tu cheti.

Sitaki nimtetee kupita kiasi, maana mhadhiri naye hakuokota maneno yake barabarani. Mwisho wa kitabu Ghazali anatoka kwenye ukumbi wa hoja na kukaa kwenye kiti cha fatwa: katika masuala yale 20, matatu anayahukumu kuwa ni ukafiri, na kukanusha mwanzo wa ulimwengu ni mojawapo. Mengine mawili ni kusema kwamba Mungu hajui mambo madogo madogo moja moja, na kukanusha kufufuliwa kwa miili. Kwa sheria ya wakati ule hukumu ya namna hiyo ilikuwa inagusa shingo ya mtu. Nikifika kurasa hizo naona kama mchezaji mzuri wa bao aliyekuwa anashinda kwa haki, kisha akaamua kuinua ubao na kutishia kumpiga nao mwenzake.

Miezi michache baada ya kumaliza, ulimi wake ulikataa kusomesha. Anasimulia kwamba alifungua kinywa mbele ya wanafunzi na neno halikutoka. Akaiacha Baghdad mwaka huo huo wa 1095, akaushika usufi, na huko ndiko kilikozaliwa kitabu chake mashuhuri cha dini, Ihya, ambacho nina hakika mjomba wako anacho kabatini.

Jibu la wanafalsafa lilitoka upande wa pili wa dunia ya Kiislamu, Andalusia, yaani Hispania ya Waislamu, kwa mtu aliyekuwa kadhi. Ibn Rushd alizaliwa Córdoba mwaka 1126 katika ukoo wa makadhi, na kitabu chake cha fiqhi, Bidayat al-Mujtahid, kinasomwa na mafakihi hadi leo. Kuna kisa chake kinachonionyesha hali ya mambo kuliko nadharia yoyote. Rafiki yake Ibn Tufayl alimpeleka kwa khalifa Abu Yaqub Yusuf. Khalifa, baada ya kumuuliza jina na ukoo, akamtupia swali: wanafalsafa wanasemaje kuhusu mbingu, ni za tangu na tangu au zimezuka? Ibn Rushd akashikwa na hofu, akakana kwamba yeye hajishughulishi na falsafa. Khalifa akamgeukia Ibn Tufayl, wakaanza kulijadili wao wawili, na khalifa akamwaga hoja za Aristotle na za wapinzani wake kwa ujuzi ambao kadhi hakuutarajia. Hapo ndipo naye akathubutu kusema. Alitoka na zawadi ya fedha, vazi la heshima na mnyama wa kupanda. Kwa hiyo hofu ilikuwepo, mhadhiri wako ana haki. Lakini aliyekuwa juu ya kiti cha enzi naye alikuwa mwanafunzi wa falsafa.

Baadaye Ibn Rushd aliandika kitabu kiitwacho Fasl al-Maqal, na kwa kuwa alikuwa kadhi alikiandika kikadhi: kusoma falsafa, kwa mujibu wa sharia, ni halali, haramu, au wajibu? Akahukumu kuwa ni wajibu kwa mwenye uwezo, kwani Qurani inawaita watu watafakari. Na likatoka neno lake mashuhuri, kwamba ukweli haupingani na ukweli, bali unaafikiana nao na kuushuhudia. Juu ya swali letu alifanya jambo la ujasiri: alifungua Qurani. Akauliza, aya ya sura ya Hud inayosema Arshi yake ilikuwa juu ya maji, haionyeshi kwamba kulikuwa na kitu kabla ya mbingu hizi? Na ile ya Fussilat inayosema mbingu ilikuwa moshi? Kwa maneno mengine, ninyi mnaosema ulimwengu uliumbwa pasipo kitu chochote, mmeleta tafsiri yenu pia. Andiko lenyewe kwa dhahiri yake halikusema hivyo.

Kuhusu Zohali alijibu kwamba mizunguko iliyopita haipo. Imekwisha, haijakusanyika mahali uipange na kuihesabu, na shufwa na witiri ni vipimo vya vitu vyenye kikomo. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanahisabati Georg Cantor alionyesha kwamba kundi lisilo na mwisho linaweza kulingana na sehemu yake lenyewe bila hesabu kuvunjika, kwa hiyo kwenye raundi hii nampa pointi kadhi.

Nisichokipenda kwake ni kufungia elimu ndani. Alimlaumu Ghazali kwa kuyaanika masuala haya kwenye vitabu vinavyosomwa na kila mtu. Kwake yeye, watu wa kawaida waachiwe dhahiri ya andiko na wenye burhani wazungumze wao kwa wao. Mwaka 1195 wenye dhahiri yao walimgeukia. Alihamishiwa mji mdogo wa Lucena na vitabu vya falsafa vikachomwa. Alisamehewa, akafa Marrakesh mwaka 1198. Maiti yake iliporudishwa Córdoba, msufi Ibn Arabi alikuwepo akaona: jeneza lilifungwa upande mmoja wa mnyama, na upande wa pili, ili mzigo usipinduke, walifunga vitabu vyake.

Mji ule ule wa Córdoba ulitoa mtu wa tatu, Myahudi, Musa bin Maimun, ambaye Wazungu wanamwita Maimonides. Alikimbia mateso, akaishia Misri akiwa tabibu, na akafa mwaka 1204. Kitabu chake kikuu cha falsafa aliwaandikia waliochanganyikiwa, watu kama wewe, kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Humo ana mfano ambao sijawahi kuufundisha bila darasa kuamka.

Mtoto kazaliwa, kanyonya miezi michache, mama akafa. Baba akamlea peke yake kisiwani, hajaona mwanamke wala mnyama jike. Siku moja anauliza: sisi watu tunapatikanaje? Anaambiwa: kila mmoja wetu alikaa miezi tumboni mwa mtu kama sisi, akiwa hai, akikua, halafu pakafunguka mlango akatoka. Kijana anauliza: humo alikuwa anakula kwa mdomo? La. Anapumua kwa pua? La. Anakwenda haja? La. Basi huo ni uongo mtupu, anasema, kwa sababu mimi mwenyewe nikizuiwa pumzi kitambo tu nakufa, na mtu akimeza ndege mzima, ndege huyo atakufa tumboni. Kila hatua ya hoja yake ni sahihi kwa alichokiona, na jibu lake ni kosa tupu. Kijana huyo ndiye Aristotle, anasema Maimonides. Ametazama ulimwengu uliokwisha kukomaa, na sheria zinazouendesha leo, akadhani zinatosha kumwambia ulivyopatikana. Lakini Maimonides hageuki akasema, "kwa hiyo tumethibitisha kuumbwa." Anawaambia watu wa ilmul kalam, yaani elimu ya kuitetea imani kwa hoja, pia kwamba hoja zao ni dhaifu. Akili haikufunga hukumu upande wowote, na hapo ndipo unabii unapopata nafasi ya kusikilizwa.

Ukilielewa hilo, Chuo Kikuu cha Paris, walikobishania Wakristo, hakitakusumbua. Mwaka 1210 vitabu vya Aristotle vya elimu ya maumbile vilipigwa marufuku kule. Kufikia 1255 vimekuwa vya lazima kwenye kitivo cha sanaa. Ndani ya miaka 45! Mwanateolojia Mkristo Thomas Aquinas, aliyewasoma Maimonides na Ibn Rushd wote, akashika msimamo ule wa katikati: kwamba ulimwengu una mwanzo tunaamini, hatuwezi kuthibitisha. Mfano wake aliutoa kwa Augustino, mwanazuoni Mkristo wa zamani zaidi. Mguu ungekuwa umekanyaga vumbi tangu milele, unyayo chini yake nao ungekuwepo tangu milele, na bado unyayo ni kazi ya mguu. Ni ndugu wa ufunguo wa Ibn Sina, huyo. Thomas akawaonya Wakristo wenzake wasilete hoja mbovu kuthibitisha mambo ya imani, kwa kuwa wasioamini watacheka wakidhani tunaamini kwa sababu za namna hiyo. Mwanateolojia mwenzake Bonaventura na wenziwe hawakupendezwa. Wao waliona hoja ya mizunguko isiyohesabika, ile ile ya Ghazali, inatosha kabisa. Upande wa pili kulikuwa na walimu wa kitivo cha sanaa. Boethius wa Dacia alisema mwanafizikia, akiwa ndani ya misingi ya fani yake, hana budi kukataa kwamba mwendo ulikuwa na wa kwanza, na imani inasema kweli ikisema ulikuwepo. Hazigongani, kwa sababu ya kwanza inazungumzia tu nguvu za maumbile.

Tarehe 7 Machi 1277 Askofu Étienne Tempier wa Paris alitoa orodha ya kauli 219 zilizolaaniwa, akiwashutumu watu hao kwamba wanazungumza kana kwamba kuna kweli mbili zinazopingana. Hajapatikana hata mmoja wao aliyeandika hivyo. Thomas alikuwa amekwisha fariki siku kama hiyo hiyo miaka 3 kabla, na baadhi ya kauli zilifanana mno na zake. Mwaka 1323 akatangazwa mtakatifu, na mwaka 1325 askofu mwingine wa Paris akaifuta laana hiyo pale inapomgusa yeye. Mhadhiri wako akitaka mfano wa kufungwa mdomo, huu hapa, na waliofungwa nao walikuwa waumini.

Kwa hiyo, nani yuko sawa? Hofu, fatwa, marufuku na moto wa vitabu vilikuwepo. Hilo mpe mhadhiri. Lakini "Ghazali aliiua falsafa" halisimami. Kwenye Mustasfa, kitabu chake cha usuli wa fiqhi, aliandika kwamba asiyejua mantiki hana elimu ya kutegemewa, na mantiki ikawa somo la madrasa baada yake. Ibn Sina aliendelea kusomwa na kubishiwa na watu kama Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, na Nasir al-Din al-Tusi, aliyesimamia kituo cha kutazama nyota cha Maragha.

Kuhusu mjomba, usianze naye na mwanzo wa ulimwengu. Ni mzee wako, na mtaishia kununiana. Mwombe kwa adabu mfungue pamoja utangulizi wa Tahafut. Kuna mahali Ghazali anazungumzia kupatwa kwa jua. Anaeleza hesabu za wanajimu, kwamba mwezi umeingia kati ya jua na mtazamaji, na kwamba hesabu hizo zina burhani isiyo na shaka. Anayedhani kuzipinga ni kuitetea dini, anasema, ameidhulumu dini na kuidhoofisha, kwa sababu aliyekwisha zijua hesabu hizo hatazitilia shaka hesabu, atatilia shaka dini. Dini huumizwa zaidi na anayeinusuru kwa njia isiyo yake kuliko na anayeishambulia.

Halafu muulize alikuwa wapi tarehe 1 Septemba 2016. Wewe ulikuwa bado mtoto. Jua lilipatwa, na watu wakafurika Rujewa kule Mbeya kulitazama likibaki pete. Dakika yenyewe ilikuwa imetangazwa siku nyingi kabla. Muulize kama kuijua dakika hiyo mapema kuliwazuia watu wa msikiti wake kuswali swala ya kupatwa kwa jua, kisha mwache azungumze yeye.